Mwaka Tulioficha Kifo cha Baba

Kabula, mdogo wangu, alikuja Tabora kwa arobaini ya mama akiwa na begi la siku mbili, akakaa siku tisa. Kila asubuhi nilimkuta ameshaamka, anafagia uwanja wa nyumba hii ya mtaa wa Chemchem kana kwamba bado ni binti wa nyumbani, na kila asubuhi nilijiambia leo namwambia, chai ikiisha namwambia. Chai ikaisha mara nane. Mimi si mwoga wa maneno, waulize wapangaji niliowafukuza. Lakini hili lilinikaa kooni tangu nina miaka ishirini na mbili, na sasa nina wajukuu. Ni jambo linalomhusu Kabula kuliko mtu yeyote aliye hai, na nilimficha. Mama alikufa hajalijua. Nilijua wazi kwamba Kabula akipanda gari la Igunga bila mimi kufungua mdomo, basi nitakwenda nalo kaburini, na kwa kweli sehemu yangu moja ilitaka hivyo hivyo.

Baba yetu, Mzee Kasanda, alikuwa mfanyabiashara wa asali. Msimu ukifika alikwenda porini upande wa Sikonge, akakaa makambini na warina asali wiki sita au miezi miwili, akarudi na madebe, mengine ya kuuza hapa mjini na mengine ya kupakia kwenye treni kwenda Dar. Nyumba hii aliinunua kwa mkopo wa benki wa miaka saba. Hati ilikaa benki, sisi tukakaa kwenye nyumba, na hakuacha kutukumbusha: ukitaka kugonga msumari ukutani alikuambia acha, huo ukuta wa watu. Alikuwa amelipa miaka mitatu alipokufa. Hakufia porini wala mjini. Alipita kijijini kwetu, njia ya Nzega, kumsalimia mdogo wake, tumbo likamshika siku mbili, ya tatu akafa. Tukaenda mama, Kabula na mimi, tukazika huko huko. Watu wa Chemchem walijua tu kwamba tumekwenda kijijini.

Siku ya tatu baada ya mazishi tulikuwa jikoni kwa baba mdogo Maganga, tunakula michembe ya kuchemsha, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga kwa sababu hakuna aliyekuwa na hamu ya ugali. Wanaume walikaa nje, upande wa pili wa ukuta, na ukuta wa miti na udongo hauzuii neno. Nikamsikia baba mdogo anasimulia habari za familia moja ya mtaa wa Isevya: baba wa nyumba alikufa na deni la benki, wiki haikuisha dalali akaja na karatasi ya mahakama, vitanda vikatolewa barabarani, mjane akakaa juu ya godoro lake anatazamwa na wapita njia. Sijui kama ilikuwa kweli. Baba mdogo alikuwa mtu wa kuongeza chumvi, lakini siku ile hakuna aliyemwambia apunguze. Alipoingia jikoni alichuchumaa mbele ya mama, akaongea polepole.

"Shemeji, benki isijue. Mwenye deni akiwa hai wanamvumilia. Akifa wanachukua mali."

Mama akamuuliza mtu aliyekufa anafichwaje. Baba mdogo akajibu kwamba kaka yake maisha yake yote alikuwa mtu wa porini, basi sasa yuko porini. Nakumbuka niliona ni maneno ya busara. Ndiyo, mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nilikuwa nimefuatana na baba benki mara nyingi, nilijua kujaza karatasi ya kuweka fedha, na mtu yeyote akiwa na namba ya akaunti anaweza kumwekea mwenzake. Nikasema inawezekana, mimi nitaweka kwa jina la baba kila mwezi, hakuna atakayeuliza. Baba mdogo akatuapisha wote watatu, pale pale jikoni, kwamba kifo hiki kisitoke nje ya kijiji.

Mama alipanda gari la kurudi Tabora amevaa nguo nyeusi. Tulipofika stendi aliingia choo cha kulipia, akatoka amevaa kitenge cha njano, nguo nyeusi ameikunja ndani ya mfuko wa rambo. Macho yalikuwa makavu. Mwaka mzima ule mjane alivaa msiba wake ndani ya chumba chake tu, mlango umefungwa, na akitoka kwenda kuchota maji anavaa rangi. Kanisani alitoa sadaka ya misa kwa ajili ya marehemu wa ukoo, bila jina, kwa sababu jina likisomwa altareni mji mzima umesikia. Mimi sikumhurumia wakati ule kama ninavyomhurumia sasa. Nilikuwa na kazi, na kazi ilinipa ukubwa.

Kazi yenyewe ilikuwa kushika fedha. Mama hakuamini daftari. Alikuwa na khanga moja kuukuu iliyokatwa vipande vinne, na kila kipande kilikuwa na shughuli yake: cha benki, cha unga, cha dawa zake za presha, cha Kabula. Hela ikiingia, tunagawa, tunafunga fundo. Zilikuwa zinaingia kutoka kwenye madebe aliyoyaacha baba, ambayo mama na Kabula waliyapima kwenye chupa na kuuza Isevya, na kutoka kwenye vyumba viwili vya uani tulivyopangisha. Mwisho wa mwezi nilifungua vile vitatu nikajaza kile cha benki. Nilianza na unga, kwa sababu tumbo linaweza kudanganywa. Tukahamia mlo mmoja, ugali na mlenda saa tisa alasiri, ili usiwe mchana wala usiku. Kisha nikagusa dawa. Mama alimeza vidonge siku moja akaruka siku mbili, na aliponiona ninamwangalia aliniambia hana kichwa siku hizi, yu mzima. Nilikubali kuamini. Mtu mwenye lengo ni mtu mbaya sana, nimejifunza hilo.

Benki kulikuwa na karani wa dirishani, kijana mtaratibu, ambaye alimpenda baba kwa sababu baba alimpelekea asali kila msimu. Mwezi wa kwanza aliniuliza mzee hajambo. Nikamwambia hajambo, yuko porini. Akagonga mhuri, akanirudishia kipande changu, akasema, "Mwambie shikamoo yake." Nikasema zimefika. Mwezi wa pili hivyo hivyo, wa tatu hivyo hivyo. Natoka pale na shikamoo ya mtu aliye hai kwa mtu aliye chini ya udongo, natembea nayo hadi nyumbani kwenye jua, na sikuwa na mahali pa kuiweka. Kwenye karatasi ya malipo, chini ya riba, kulikuwa na mstari mdogo ulioandikwa bima. Kila mwezi niliusoma, kila mwezi niliulaani. Nilidhani ni ya moto, kwamba nyumba ikiungua benki isipate hasara, na hata hilo wanatukata sisi. Sikumuuliza karani. Mtu anayeficha jambo haulizi maswali, anaogopa asije akaulizwa na yeye.

Mwezi wa nne yakaanza maneno. Baba alikuwa na kawaida ya kukaa porini muda mrefu, lakini si muda huo. Siku moja niko uani naanua nguo, nikawasikia mpangaji wetu na mwenzake bombani wanaongea bila kushusha sauti. Mzee Kasanda kapata mke Sikonge, mbichi, na huyu mama wa watu amekaa tu anasubiri. Wakacheka. Nilimwambia mama nikitegemea atakasirika, nami nipate sababu ya kuwafukuza. Mama akasema waache waseme, maneno hayo yanatusaidia. Baba mdogo alipokuja na kusikia alifurahi kabisa, akasema afadhali, sasa hata mkikaa miaka miwili hakuna atakayeshangaa. Mama alisimama akaingia chumbani kwake. Alikuwa amelala na mwanamume yule miaka ishirini na mitano, hakumlilia hadharani hata siku moja, na sasa alitakiwa kukubali kwamba mumewe amemkimbia.

Mwezi wa tano asali ikaisha, na mwezi huo huo ikaja barua ya Kabula. Alikuwa amefanya vizuri kidato cha nne, akachaguliwa chuo cha uuguzi. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliisoma barua sebuleni amesimama, akaisoma tena, akanipa mimi, na mimi macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye ada. Mama alipika wali siku ile, wali kwa kitoweo cha kuku wa mwisho, tukala tukacheka kidogo. Niliweka kando lile fundo la Kabula, nikaapa siligusi. Mwezi wa sita nililigusa. Mwezi wa saba haukuwa na kitu cha kugusa: redio ilishakwenda, baiskeli ya baba ilishakwenda, mpangaji mmoja alihama kwa sababu nilimpandishia kodi mara mbili. Benki wakaandika barua, wamemwandikia Mzee Kasanda kwa heshima zote, wakimkumbusha kwamba ana malimbikizo na kwamba sheria inawaruhusu kuuza.

Baba mdogo Maganga ndiye aliyeleta habari za Masanja. Masanja alikuwa mtu wa Igunga mwenye ng'ombe, mke wake wa kwanza alikuwa amefariki, anatafuta binti wa kuoa kwa ng'ombe kumi na wawili, na hachagui sana. Kwa kawaida zetu ng'ombe wale wangebaki kijijini, wakatolewa kumwozea kijana wa ukoo, lakini baba mdogo alisema yuko tayari kuachia wanane wauzwe mnadani kwa ajili ya nyumba. Binti walikuwa wawili. Mkubwa nilikuwa mimi. Hilo kila mtu aliyekaa kwenye kikao kile alilijua, na kila mtu alikuwa anatazama chini. Kabula alikuwa jikoni anachochea uji, mlango uko wazi. Mama alinigeukia.

"Nyamizi, wewe ndiye unayeshika hela. Sema wewe."

Niliwaambia mimi ndiye ninayejulikana benki. Nikaondoka mimi, nani ataweka fedha, nani atamjibu karani? Nilisema chuo kinaweza kusubiri mwaka, nyumba haisubiri. Nilipanga hoja zangu vizuri sana, na zote zilikuwa za kweli, na chini ya zote kulikuwa na jambo moja tu, kwamba sikutaka kwenda Igunga kuchunga ndama wa mtu. Kabula aliingia na uji. Alimpa baba mdogo kwanza, kisha mama, kisha mimi, akasema, "Sawa." Hakuna aliyemuuliza kitu, alijibu tu. Harusi ilikuwa mwezi wa nane. Kijijini aliulizwa baba yako yuko wapi na watu wa upande wa Masanja, wakaambiwa ukweli kwamba amefariki, wakaombwa wasiuvushe hadi mjini, nao wakatunza siri yetu vizuri kuliko tulivyostahili.

Ng'ombe wanane waliuzwa, na mwezi wa tisa nikaingia benki na fedha nyingi kuliko nilizowahi kushika. Karani akasema kiasi hiki hakipokelewi dirishani hivi hivi, niende ofisi ya mikopo, wapange upya ratiba. Ofisini nilimkuta mama mmoja wa makamo, miwani puani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akafungua faili la baba, akasema mzee lazima aje kusaini. Nikasema yuko porini. Akanitazama juu ya miwani, akasema porini miezi tisa, binti? Akanyanyuka akafunga mlango. Sijui ni mlango ule kufungwa au ni uchovu, lakini nililia mbele ya mtu wa benki kama mtoto mdogo, nikasema baba amekufa, tafadhali msiichukue nyumba. Alinipa muda. Kisha akaniuliza amekufa lini, nikamwambia, akahesabu kwa kidole kwenye kalenda iliyokuwa mezani, na uso wake ukabadilika.

"Mngeleta cheti cha kifo ndani ya miezi sita," alisema, "bima ingelipa deni lote lililobaki. Mngepewa hati yenu mkaenda nyumbani. Baba yako alisaini hili, binti yangu. Amekuwa akilipia kila mwezi."

Mimi ndiye niliyekuwa nikiilipia kila mwezi. Niliusoma ule mstari mara sita. Yule mama alikuwa mwema; aliniandikia barua ya maombi kwa mkono wake, akanielekeza namna ya kupata cheti kijijini, akasema tujaribu. Majibu yalikuja baada ya miezi miwili: muda umepita, na zaidi ya hapo kumbukumbu zinaonyesha fedha zilikuwa zikiwekwa kwa niaba ya mkopaji kana kwamba yu hai. Hakuna aliyekuja kutoa vitanda nje. Mkopo wakauhamishia kwa mama, wakapunguza kiwango cha kila mwezi, tukaendelea kulipa hadi ukaisha, tena kwa heshima kubwa. Dalali wa baba mdogo hakuwahi kuonekana. Majirani walipoambiwa hatimaye kwamba Mzee Kasanda amefariki, walidhani amefia Sikonge kwa mke mdogo, na mama akapokea pole za namna hiyo.

Sikumwambia mama. Nilimwambia tu kwamba benki wamekubali, na alipiga magoti kushukuru. Tangu siku ile hadi anakufa, kila mgeni aliyeisifu nyumba aliambiwa kwamba nyumba hii ni ng'ombe wa Kabula. Alilisema kwa fahari. Nilikuwa natoka nje akianza. Nilikuwa na sababu zangu, na nimezirudia miaka yote: kwamba Kabula alikuwa ameshaolewa, kwamba mama na presha yake asingehimili, kwamba kumwambia mtu msiba ambao hauna dawa ni ukatili. Basi. Ukweli ni kwamba niliona aibu, na aibu ikazeeka pamoja nami.

Siku ya tisa Kabula alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, anatwanga kisamvu, begi lake limeshafungwa liko barazani. Nikaketi chini mbele yake, kwenye simenti, mimi na magoti yangu mabovu. Nikamwambia yote. Nilianzia kwenye bima nikarudi nyuma, kisha nikaenda mbele, nikavuruga, lakini nilihakikisha hakuna kilichobaki, hata lile la kwamba sikutaka kwenda Igunga mimi. Hakuacha kutwanga hadi nilipofika kwa yule mama wa miwani. Hapo akauegemeza mchi ukutani.

"Ulijua lini?"

Nikamwambia mwezi mmoja baada ya harusi yake.

"Mwezi mmoja," alisema. Alitazama mikono yake, imejaa majimaji ya kijani. "Nilikuwa bado sina mimba, dada."

Akaniuliza kama mama alijua, nikasema hakujua, akasema afadhali yeye. Masanja si mtu mbaya, alisema, hajanipiga, watoto watano wote wamepelekwa shule, usidhani nimekuja hapa kulia. Nikamwambia nyumba ni yake, nitahama, nitaandika kwa wakili wiki hii. Nililisema kwa haraka kama mtu anayelipa nauli. Kabula akatikisa kichwa. Nyumba hii haitaki, hata kulala ndani yake kwa siku hizi tisa amelala kwa taabu. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulijua. Watoto wake walipokuwa wakubwa walimuuliza mbona mama anajua Kiingereza, mbona anajua kusoma dawa kuliko mganga wa zahanati, na bado anakamua ng'ombe. Angewajibuje? Akisema alichaguliwa akaacha, wangeuliza kwa nini, na alikuwa ameapishwa. Kwa hiyo aliwaambia kwamba alifeli. Ndivyo wanavyojua hadi leo, na yule binti wa mwisho akileta matokeo mabaya akagombezwa, humrushia: mama, na wewe si ulifeli.

"Sitaki nyumba," Kabula alisema. "Uje Igunga. Uwakalishe wote, na baba yao akiwepo, uwaambie kwa mdomo wako kwamba mama yao hakufeli."

Alinawa mikono, akabeba begi lake, akakataa nimsindikize stendi. Kisamvu nilikimalizia kutwanga mwenyewe. Nimekata tiketi ya Jumamosi. Nitaanza na yule binti wa mwisho, maana huyo, siku alipozaliwa, Kabula alimpa jina langu.